Alima Alisema Alikuwa Kipushi

Katika lupango moja, ua wa nyumba mbili mtaani Bel-Air, hapa Lubumbashi, familia mbili zilitumia robine moja. Robine hiyo ilikuwa na akili yake. Asubuhi ilitoa maji. Mchana ilikohoa. Jioni ilinyamaza. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na mapipa, na wanawake waliyajaza mapema, kabla ya kufagia.

Katika nyumba ya mbele alikaa Rachid, fundi wa magari, na mke wake Alima, muuzaji wa bikwembe, yaani vitenge, sokoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Yasmine. Mama mzazi wa Alima aliishi nao. Jina lake lilikuwa Binti Abibu. Babu zake walikuja Katanga kutoka Maniema, lakini yeye alizaliwa hapa hapa. Alipenda vitendawili kuliko sukari katika chai.

Katika nyumba ya nyuma alikaa Mama Joëlle. Yeye pia aliuza bikwembe, soko moja na Alima, meza kwa meza. Alikuwa na moyo mzuri na macho makali. Hakuna kitu kilichoingia katika lupango bila yeye kukiona.

Sasa, kuna jambo moja lazima ulijue mapema. Alima alikuwa ametoka Dar es Salaam. Alikwenda kutafuta bikwembe vipya, vyenye maua ambayo hakuna mwenzake sokoni aliyekuwa nayo. Alirudi kwa ndege. Rachid alimpokea uwanja wa ndege wa Luano bila kelele. Mizigo yenyewe ilikuwa bado njiani, ndani ya lori, upande wa Zambia.

Wauzaji wengi wa bikwembe wanafuata desturi hii: safari haitangazwi mpaka mzigo uingie. Ukisema mapema, mwenzako atakutangulia. Au jicho baya litaushika mzigo mpakani. Hivyo ndivyo wanavyoamini. Kwa hiyo Alima aliwaambia majirani kwamba alikuwa Kipushi, kwa wakwe zake. Mama yake alimwahidi kunyamaza.

"Kinywa yangu iko na kufuli," alisema Binti Abibu. "Na funguo nimeimeza."

Asubuhi moja Binti Abibu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nje. Yasmine alikaa karibu naye, miguu wazi.

"Mujukuu, nikutegee?"

"Tega, kambo!" Hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake.

"Nyumba yangu ni kifuniko ya chupa. Batoto yangu beko mia. Ninaendaka kula kwa bantu, na hakuna mwenye kunialika. Mi ni nani?"

Yasmine alifikiri. "Panya?"

"Panya mu kifuniko ya chupa? Huyo panya analala amesimama?"

Yasmine alicheka. Halafu alijipiga mguu, pa! Kiganjani palibaki mdudu mdogo mweusi, mwenye miguu ya madoadoa meupe.

"Imbu!" alisema. "Kambo, ni imbu!"

"Ehe! Jibu imekuja yenyewe, na imekuuma."

Wakacheka wote wawili. Jua lilikuwa limeshapanda, na imbu alikuwa anauma bila haya. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo siku ile.

Mlango ulifunguka. Alima alitoka, amejifunika kikwembe mpaka masikioni, ingawa kulikuwa na joto.

"Mama, niko na baridi. Mifupa yote inauma. Na macho... ni kama muntu anayasukuma kutoka ndani."

Binti Abibu alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto kama sufuria.

"Ni palu, ni malaria tu," alisema. "Ingia ulale."

Haikupita muda, Mama Joëlle akabisha hodi. Alishika bakuli la uji.

"Nilisikia Alima haamuke. Aa, mwenzangu! Kipushi imekufanya nini? Ulienda na mashavu, unarudia na mifupa!"

"Ni homa tu," alisema Alima.

"Bakwe beko bazima?"

"Beko bazima." Alima aliangalia ukuta.

"Basi kunywa uji, halafu twende kupima. Mi siwezi kukuacha uende peke yako. Ukianguka njiani, watasema jirani yako alikuwa wapi?"

Hapa kwetu jirani hamwachi mgonjwa aende peke yake kupimwa. Ni jambo jema. Lakini siku ile jambo hilo jema ndilo lililomfunga Alima ulimi.

Katika kituo cha afya walimkuta Mutale. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi. Watu wote walimwita docta, na kila mara alikataa.

"Docta, tumekuletea mugonjwa," alisema Mama Joëlle.

"Mi siko docta, mama. Niko infirmier. Mugonjwa akae hapa. Homa ilianza lini?"

"Jana, jua ikiwa inaingia," alisema Alima.

"Inauma wapi?"

"Kichwa, zaidi nyuma ya macho. Mugongo. Viungo yote."

"Ulitoka Lubumbashi hizi siku?"

Mama Joëlle alikuwa ameketi kwenye benchi hiyo hiyo, kikapu magotini, masikio macho. Alima alimtazama. Akafikiri juu ya lori lake, juu ya maua mapya, juu ya meza zao mbili sokoni.

"Nilikuwa Kipushi," alisema.

"Kipushi tu?"

"Kipushi tu."

Mutale alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria. Walingoja. Mstari mmoja tu ulitokea.

"Malaria haionekane," alisema Mutale.

"Pengine kipimo yako imechoka," alisema Mama Joëlle.

"Haijachoka, mama. Pengine malaria inajificha, pengine haiko. Kesho arudie, fundi wa labo aangalie damu na darubini. Sitamupa dawa ya malaria bila kuiona. Anywe paracetamol na maji mingi. Na kama kuko kitu nyingine ya kuniambia, aniambie."

Alima aliinama.

Kesho yake Alima hakurudi kituoni. Aliogopa kuulizwa tena. Alisema, "Nitapumuzika tu, itapita."

Haikupita. Maumivu yalizidi mpaka akalia kila alipogeuka kitandani. Rachid hakuweza kuvumilia kumsikia. Alikwenda kwenye kibanda cha dawa barabarani, akarudi na aspirini.

"Ba-chauffeur banakunywaka hii," alisema. "Maumivu inakimbia saa ile ile."

Binti Abibu naye alifungua sanduku lake. Ndani alikuwa na vidonge vya malaria vilivyobaki tangu Yasmine alipougua. Akampa Alima vile vilivyokuwepo.

Kila mmoja alimpa mgonjwa kitu, na kila mmoja alimpa kwa upendo. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua anatibu ugonjwa gani.

Siku zikapita. Vipele vidogo vyekundu vikatokea kifuani na mikononi mwa Alima. Halafu, asubuhi moja, homa ikashuka. Ngozi yake ikawa baridi. Yasmine akapiga makofi. Mama Joëlle akaleta bukari, yaani ugali, na bitoyo, samaki wa chumvi.

"Amepona!" alisema. "Mi nilisema, Alima haiko muntu wa kulala!"

Nikutegee, wewe unayesoma? Kitu gani kinashuka na watu wanashangilia, kumbe hatari ndiyo inapanda? Usijisumbue, nitakujibu mwenyewe. Ni homa ya ugonjwa uliokuwa ndani ya Alima.

Mchana ule ule Alima alikataa bukari. Alishika tumbo.

"Mama, inanikata hapa."

Akatapika. Akatapika tena. Alipoosha kinywa, maji aliyotema yalikuwa mekundu. Binti Abibu aliangalia ndani ya kinywa cha mwanawe. Fizi zilikuwa zinatoka damu.

"Baba Yasmine!" aliita. "Kuya mbio!"

Rachid alitoka chini ya gari, mikono myeusi kwa mafuta.

"Homa si imeshuka?" aliuliza.

"Imeshuka. Na mutoto anazidi kulegea. Hiyo njo inaniogopesha. Leta gari ya muntu yeyote mwenye hautakosana naye!"

Rachid alichukua gari alilokuwa anatengeneza. Mama Joëlle hakungoja kualikwa. Aliingia nyuma, akamlaza Alima mapajani mwake, akampepea njia nzima.

Mutale aliwaona wanaingia, akaacha kila kitu. Alimpima Alima presha. Aliangalia vipele. Aliangalia fizi. Uso wake haukuwa wa mzaha tena.

"Amekunywa dawa gani?"

"Aspirini," alisema Rachid kwa sauti ndogo.

"Na mi nilimupa dawa ya malaria yenye ilibakia," alisema Binti Abibu.

"Alima, nisikilize muzuri. Ulikuwa wapi mbele ya homa kuanza?"

Alima alifungua macho kidogo. Alimwona Mama Joëlle juu yake. Akaushika mkono wa mama yake, akaubana.

"Kipushi," alisema.

Binti Abibu alielewa kwa nini mkono wake unabanwa. Mtoto wake alikuwa anamkumbusha ahadi. Lakini mkono ule ulikuwa baridi, na nguvu zake zilikuwa kama za mtoto mchanga.

"Docta," alisema Binti Abibu, "mwana yangu hakukuwa Kipushi."

"Mama!"

"Nyamaza, Alima. Kama muzigo inapotea, ipotee. Lori inaletaka bikwembe, haileteke mwana." Akamgeukia Mutale. "Alikuwa Dar es Salaam. Alishuka Luano. Wiki ilikuwa haijaisha, homa ikaanza."

Kila mtu alimngoja Mama Joëlle.

"Mi nilijua," alisema Mama Joëlle.

"Ulijua?" aliuliza Rachid.

"Yasmine alinipa halua ya safari ya mama yake. Mule Kipushi banachimba shaba, habachimbe halua!"

"Na ulinyamaza?" aliuliza Binti Abibu.

"Sasa niseme nini? Yeye mwenyewe alisema Kipushi. Nimuambie mu macho kama anadanganya? Na mi pia, nikiendaka Zambia kutafuta bikwembe, ninasemaka niko kwa tantine, shangazi yangu, ku Kasumbalesa. Tantine yule alisha kufa zamani!"

Hata Alima alitaka kucheka, lakini tumbo lilimkataza.

Mutale peke yake hakucheka. Alikuwa tayari ameshika simu, anaita hospitali kubwa.

"Twende," alisema. "Mi nitaenda pamoja na ninyi. Maneno ya Dar es Salaam, mungeniambia siku ya kwanza."

Hospitalini daktari alimpokea Alima mara moja. Walimtundikia maji kwenye mshipa. Fundi wa labo alikuja, akatoa damu katika vichupa vitatu. Rachid alishtuka.

"Damu inatoka ku fizi, na beye banaongeza kutoa nyingine?"

"Ni kidogo sana, baba," alisema Mutale. "Kaa hapa niwaeleze. Na wewe mama, kaa."

Walikaa kwenye benchi ya ukumbini, Rachid, Binti Abibu na Mama Joëlle.

"Homa mingi ziko na uso moja," alisema Mutale. "Malaria inaleta moto. Typhoïde inaleta moto. Halafu kuko homa za virusi zenye imbu anabeba: dengue, chikungunya, Zika, homa ya manjano. Zote zinaweza kuanza na moto na maumivu. Ukiangalia muntu kwa macho tu, unaweza kukosea. Sasa, fundi wa labo hapimake vitu yote. Anapima kile tunamuomba. Na mi, kama sijue ulitoka wapi, nitamuomba apime nini?"

"Kwa hiyo siku ile ulimupima malaria juu alisema Kipushi," alisema Rachid.

"Malaria nilipaswa kuipima hata kama angesema Dar. Iko huku, iko kule, na inaua mbio. Hiyo inakuwa ya kwanza kila siku. Lakini kama ningejua Dar, singeishia pale. Dengue imesha kutokea kule mara nyingi. Ningemupima dengue siku ile ile. Na ningewaambia: musimupe aspirini, musimupe ibuprofène."

Rachid alishika kichwa. "Juu ya nini?"

"Dengue inapunguza vile vitu vidogo vya damu vyenye kuziba kidonda. Aspirini nayo inazuia damu kuganda. Viwili vikikutana, damu inatoka. Kwa maumivu, paracetamol tu, na isipite kipimo."

"Mi nilitaka kumusaidia," alisema Rachid.

"Ninajua, baba. Kila muntu anamupendaka mugonjwa wake."

Binti Abibu alikuwa anafikiri. "Docta, vichupa vitatu ni vya nini? Damu si moja?"

"Mi siko docta. Lakini swali ni nzuri. Mama, mwizi akiingia kwako leo, utamukuta wapi?"

"Mu nyumba."

"Na ukichelewa?"

"Nitakuta nyayo zake. Na jirani wamesha kusimama nje na fimbo."

"Njo vile. Siku za kwanza za homa, kirusi mwenyewe iko mu damu. Kuko kipimo cha kumutafuta yeye. Siku zikipita, kirusi anapungua, lakini mwili umesha kutengeneza askari wake. Kuko kipimo kingine cha kutafuta hao askari. Alima amechelewa kidogo, iko katikati. Kwa hiyo tunafanya vyote viwili. Damu nyingine ni ya kurudilia kupima malaria na kuhesabu vile vitu vya kuziba kidonda. Na kidogo itaenda ku labo kubwa, juu ya kuhakikisha."

"Aa!" alisema Binti Abibu. "Basi ukiuliza homa ilianza lini, hauko na udadisi."

"Sina udadisi hata kidogo. Siku ya homa inanionyesha ni kipimo gani kitasema kweli. Safari inanionyesha nitafute nini. Na ninaulizaka pia: ulichanjwa homa ya manjano? Uko na mimba? Juu Zika inaumizaka mutoto mwenye iko mu tumbo."

"Chanjo alipata," alisema Rachid. "Bila kadi hauendi popote. Na mimba hana."

"Muzuri."

Daktari alitoka. Alikuwa mwanamke mwenye sauti tulivu. Alisema malaria haikuonekana hata kwa darubini. Kipimo cha dengue kilikuwa kimeonyesha ugonjwa. Vile vitu vya kuziba kidonda vilikuwa vimeshuka sana.

"Dawa yake iko wapi?" aliuliza Rachid. "Mi nitaitafuta mji muzima."

"Dawa ya kuua kirusi huyu hakuna," alisema daktari. "Lakini kazi ipo, na tunaijua. Tunampa maji kwa kipimo, tunamwangalia kila saa, tunapima damu yake tena na tena. Hatari ya dengue inakuja mara nyingi wakati homa inaposhuka. Mmemleta wakati tunaweza kumsaidia. Kama mngengoja zaidi, singesema hivyo."

Binti Abibu aliketi kando ya kitanda cha mwanawe. Alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, kama alivyoelekezwa. Alima alilala chini ya chandarua, hata mchana.

"Mama," alisema Alima siku iliyofuata, "umefungua kufuli."

"Nimeivunja, mwanangu. Na nikikukuta tena unamudanganya munganga, nitakuvunja na wewe."

Fizi zilitoka damu tena, halafu zikaacha. Tumbo likatulia. Daktari alipima damu asubuhi, akapima jioni. Siku moja alikuja anatabasamu. Vile vitu vya kuziba kidonda vilikuwa vinapanda.

Alima mwenyewe alitoa habari nzuri kuliko labo. Aliinua kichwa, akanusa.

"Nani anakula sombe?"

Mama Joëlle alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pembeni, bakuli mkononi. "Mi! Nilileta ya mama yako, lakini alikataa kula juu ya kukuwaza."

"Lete hapa," alisema Alima.

Binti Abibu alijifuta machozi kwa kona ya kikwembe, akasema ni pilipili.

Kabla Alima hajarudi nyumbani, Mutale alifika kwenye lupango. Aliuliza mapipa yako wapi. Pipa la Binti Abibu lilikuwa wazi. Mutale aliwasha taa ya simu yake juu ya maji.

"Yasmine, angalia. Unaona nini?"

"Vidudu! Vinacheza!"

"Hao ni batoto ya imbu."

"Maji hii ni safi!" alisema Binti Abibu. "Nilichota mwenyewe!"

"Imbu wa dengue anapenda maji safi, mama, yenye kukaa. Mapipa, mitungi ya maua, mipira ya gari ya Baba Yasmine pale nyuma. Hata kifuniko ya chupa inamutosha. Huyu haiko imbu wa malaria mwenye kuuma usiku. Anaumaka muchana, zaidi asubuhi na jua ikitaka kuingia. Miguu yake iko na alama nyeupe."

Yasmine aliangalia mguu wake. "Huyo nilimuua!"

"Umefanya muzuri. Lakini sikiliza. Mama yako alileta kirusi kutoka safari. Siku za homa, imbu wa hapa akimuuma, anaweza kukibeba mupaka kwa muntu mwingine."

Mama Joëlle alisimama wima. "Ngoja! Kwa hiyo mi ningeugua dengue ya Dar es Salaam bila kufika Dar es Salaam? Na bikwembe ya kule sijavaa hata moja?"

"Kumushika mugonjwa mukono hakuambukizi," alisema Mutale. "Kula naye hakuambukizi. Ni imbu njo anabeba. Kwa hiyo mwenye homa alale mu chandarua, muchana pia. Na kama muntu wa lupango hii anapata homa hizi wiki, akuye kwangu mbio, aseme alikaa na mugonjwa wa dengue."

Siku hiyo lupango nzima ilifanya kazi. Rachid alitoa mipira ya gari, akaitoboa isishike maji, ile mibovu akaiondoa kabisa. Binti Abibu na Mama Joëlle walimwaga mapipa. Hawakuishia kumwaga. Walisugua kuta za ndani kwa brashi, kwa sababu mayai ya imbu yanaganda pale na kungoja maji mengine. Halafu kila pipa lilipata kifuniko cha kufunga vizuri. Tangu siku hiyo, kila wiki wanasugua. Hakuna mwingine katika lupango aliyeugua dengue.

Alima alirudi nyumbani, mwembamba lakini anatembea. Mwili ulichoka kwa muda mrefu, kama daktari alivyomwambia. Lori nalo likafika. Hakuna jicho baya lililoushika mzigo.

Alima alifungua balo la kwanza la bikwembe mbele ya Mama Joëlle.

"Chagua," alisema.

"Mi? Mushindani wako?"

"Ulinipepea njia yote mupaka ku hospitali. Chagua mbio, nisibadilishe mawazo."

Mama Joëlle alichagua kikwembe chenye maua ya bluu. Baada ya miezi kadhaa, alikwenda Dar es Salaam mwenyewe, na Alima akampa majina ya maduka. Alirudi mzima, mzigo wake ukimfuata nyuma. Lakini kabla wiki ya pili haijaisha, aliamka anatetemeka.

Safari hii Alima ndiye aliyemshika mkono mpaka kituoni. Watu walikuwa wengi. Wauzaji wawili wa soko lao walikuwa wameketi palepale kwenye mstari. Alima aliwaona, akamgusa mwenzake begani.

"Benzetu ba soko beko pale," alimnong'oneza. "Unataka tuseme kwa Mutale ndani, pembeni?"

"Nitangoja mupaka ndani, na homa iko hapa?" Mama Joëlle alijinyoosha. Sauti yake ilijaa ukumbi. "Mutale! Jambo yako! Mi ninatoka Dar es Salaam! Nilishuka Luano wiki yenye ilipita! Homa ilianza leo asubuhi! Sikukunywa aspirini, sina mimba, na chanjo ya homa ya manjano niko nayo!"

Watu wote waligeuka. Mutale alitoa kichwa mlangoni, anacheka.

"Jambo, mama. Hata sijakuuliza!"

Alimpima malaria. Safari hii mistari miwili ilitokea. Alimpima dengue pia, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Dengue haikuwapo.

"Ni malaria," alisema Mutale. "Dawa yake ninayo hapa. Utaimaliza yote, usibakishe kwa sanduku. Na homa ikikataa kushuka, unarudia."

"Malaria ya Dar ama ya Bel-Air?"

"Hiyo sijue, mama. Lakini dawa inaijua."

Mama Joëlle alitoka na dawa zake, ameegemea bega la Alima. Mwanamke mmoja kwenye benchi alimvuta kikwembe.

"Mama, samahani. Kule Dar es Salaam, bikwembe viko namna gani?"

Mama Joëlle alimwangalia, akamwangalia Alima, akavuta pumzi.

"Viko vizuri sana," alisema. "Wacha nipone kwanza, nitakuonyesha. Na we, uko na nini? Homa? Ulitoka wapi? Mimi usiniambie. Ingia ndani, mwambie yule."